Wajuvi wa lugha: "story" ya hadithi na "storey" ya ghorofa ni neno moja au mawili?

#1 MchangaNaKokoto
Wakuu, salamu. Mimi ni fundi ujenzi, si mtu wa vitabu, mnivumilie.

Jana jioni nilikuwa nimetandaza ramani mezani, nyumba ya mteja hapa Dodoma. Juu kabisa mchoraji kaandika kwa Kiingereza "two storey". Binti yangu wa darasa la sita akapita na daftari lake, akasimama, akacheka. "Baba, mchoraji wako kakosea. Story haina hiyo e, halafu maana yake hadithi. Kwani hii nyumba ina hadithi mbili?"

Nikamjibu kwa ukali wa mzazi asiyejua: hayo ni maneno mawili tofauti, nenda kalale. Akalala yeye, mimi usingizi ukanipaa. Nimefungua kamusi kwenye simu nikakuta Wamarekani hata hiyo "e" hawaiweki, hadithi na ghorofa wanaandika sawasawa. Sasa hadithi na ghorofa wapi na wapi? Nani alianza, na aliwaza nini? Nisaidieni kabla sijarudi kuomba radhi kwa mtoto.

#2 NipoTuu
Nimevuta kigoda. Ngoja waje wajuvi.

#3 DaktariWaMtaa
Mkuu hilo rahisi. Story imekatwa kutoka history, na history yenyewe ni "his story", yaani hadithi yake yeye mwanamume, kwa sababu wanaume ndio walioandika mambo ya vita na wafalme. Ghorofa ni bahati mbaya tu ya matamshi. Kesi imefungwa.

#4 MwlMstaafu
Kesi haijafungwa, ndugu Daktari. Hiyo "his story" ni mchezo wa maneno, wanaharakati wa kike wa miaka ya 1970 waliutumia vizuri sana kuwachokoza wanahistoria, lakini kama asili ya neno haina mizizi. Neno ni la Wagiriki: historia. Lilikuwepo karne nyingi kabla Kiingereza hakijazaliwa, na ile "his" ya mwanzo haimhusu mwanamume yeyote.

Histor kwa Kigiriki alikuwa mtu ajuaye: shahidi, au mwamuzi anayesikiliza pande mbili. Kwenye Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, pale inapoelezwa ngao ya shujaa Achilles, kuna watu wawili wanagombania fidia ya mtu aliyeuawa, wote wanataka shauri lao liamuliwe na histor. Kutoka kwa mtu huyo ikaja historia, yaani kuuliza na kuchunguza. Herodotus, karne ya 5 kabla ya Kristo, analitumia mwanzoni kabisa mwa kitabu chake: haya ndiyo niliyoyapata kwa kuuliza. Aristotle naye ana kitabu cha historia ya wanyama. Humo usitafute mfalme wala vita, utakuta samaki, nyuki, na jinsi kifaranga anavyokua ndani ya yai.

Warumi wakalichukua. Kwenye Kifaransa cha kale likawa estoire, Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066 wakavuka nalo, na Kiingereza kikalikata kichwa: storie. Kwenye maandishi ya Kiingereza limo tangu kama mwaka 1200. History ikaja baadaye, neno lile lile likiingia mara ya pili likiwa limevaa kanzu ya Kilatini. Na kwa muda mrefu watu hawakuyatenganisha, story ilikuwa ya kweli na ya kutunga vilevile.

#5 DaktariWaMtaa
Sawa mwalimu, nimekaa chini. Lakini ghorofa hujaigusa.

#6 MwlMstaafu
Ghorofa nawaachia wenye nazo. Mimi nyumba yangu ya chini.

#7 Mbuyuni_Kent
Hodi hodi. Niko huku Uingereza mwaka wa tisa, na ghorofa nimeisikia kwa mtu anayetembeza wageni makanisani.

Maelezo yake ni haya. Makarani wa Uingereza wa karne ya 12 walikuwa wanaandika Kilatini, na kwenye maandishi yao neno historia linatumika kwa tabaka la jengo. Sababu inayotolewa ni kwamba mbele ya majengo makubwa kulikuwa na safu za picha, za kuchonga au za vioo vya rangi, na kila safu ina kisa chake: hapa Nuhu na safina, juu yake Yona na samaki. Watu wengi walikuwa hawajui kusoma, ukuta ndio uliowasomea. Basi ukihesabu safu za visa umehesabu ghorofa.

Nimewahi kusimama Canterbury pale kanisani, vioo vingine ni vya karne hiyohiyo ya 12. Shingo iliniuma kwa kutazama juu, lakini kweli unasoma kuanzia chini unapanda. Nikikumbuka kanisa la Mtakatifu Joseph pale bandarini Dar, nililobatizwa, nalo lina vioo vya rangi; utotoni misa ikirefuka nilikuwa naviangalia hivyo tu.

#8 NipoTuu
Kumbe misa ilikuwa inakupita tangu zamani 😂

#9 MkadiriajiMajenzi
Mbuyuni_Kent umeileta vizuri, ila mimi kazi yangu ni kukadiria majengo na nina shaka zangu. Nyumba za kawaida za ghorofa hazikuwa na picha yoyote. Mfanyabiashara wa London wa wakati ule angechora Yona ukutani kwake kwa fedha ipi? Neno kutoka mbele ya kanisa mpaka kwenye chumba cha juu cha muuza ngozi, hiyo safari ni ndefu.

Pamoja na hayo, kuna neno la wasanifu linalokuunga mkono: clerestory. Ni lile tabaka la juu kabisa la kanisa kubwa, lililojaa madirisha ya kuingizia mwanga, juu ya mapaa ya pembeni. Ile "clere" ni mwanga, angavu. Na nusu ya pili ndiyo hiyo story yetu. Kwa hiyo makanisani lilikuwemo, hilo halina ubishi. Ubishi ni nani alimfuata nani.

#10 KaraniWaStoo
Wote mmepotea njia. Neno linatoka "store". Kifaransa cha kale kilikuwa na estorer: kujenga, kuweka tayari, kujaza vitu. Hapo ndipo Waingereza walipopata store, na sisi tukapata stoo. Kitu kilichojengwa ni estorée. Ukitamka haraka unapata storey. Ghorofa ni kitu kilichojengwa, full stopu. Picha za Yona za nini?

#11 MwlMstaafu
Karani, hilo nalo lina wenyewe, kamusi za zamani zilikuwa zinalitaja. Na estorer kweli asili yake ni Kilatini, instaurare, kutengeneza upya. Tatizo lako ni kwamba yale maandishi ya Kilatini hayasemi instaurare wala kitu cha kufanana nayo. Yanasema historia, herufi kwa herufi.

#12 KaraniWaStoo
Mwalimu, mimi nimekuwa karani miaka 22, karani namjua. Fundi wa kizungu anakuja anasema "estorie" kwa lugha ya mtaani. Karani anatakiwa kuandika kwa Kilatini. Anajikuna kichwa: estorie, estorie... aa, historia! Anaandika, anaenda kula. Miaka 800 baadaye nyinyi mnajenga nadharia ya vioo vya rangi juu ya mtu aliyekuwa na njaa.

#13 MkadiriajiMajenzi
😂😂 Hii nimeipenda kuliko zote. Haina ushahidi hata chembe lakini nimeipenda.

#14 KaraniWaStoo
Na ya vioo ina ushahidi gani? Kamusi zenyewe zinaweka "huenda".

#15 MchangaNaKokoto
Wakuu asanteni, nasoma na mtoto hapa. Ameuliza swali ambalo mimi sikuliwaza: kama histor ni mtu aliyeona kwa macho, mbona sasa hivi story ni kitu cha kutunga? Mwalimu wake anawaambia "andika story" na anataka waongope.

#16 BinShehe_Kibokoni
Asalaam aleikum. Huyo mtoto msimpoteze, ana akili.

Hebu niwape la upande wetu. Kwenye Qur'ani kuna maneno "asatir al-awwalin", yametajwa mara 9. Ni maneno ya wapingaji, wakisema haya ni ngano za watu wa kale tu, si wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Asatir ni wingi, umoja wake ustura. Sasa soma polepole: us-tu-ra. His-to-ria. Wako wataalamu wa lugha wanaosema Waarabu walilipata neno hili kwa Wagiriki, likapitia kwa majirani wa Sham, yaani upande wa Syria. Ikiwa ni hivyo basi neno la shahidi lilikuwa limeshageuka kuwa neno la uzushi karne ya 7, kabla Mnormani hajazaliwa.

#17 UstadhiMdogo
Waaleikum salaam sheikh. Hapo sikubaliani. Ustura ina mzizi wake wa Kiarabu, sin-ta-ra, satara, kuandika mistari. Satri ni mstari. Asatir ni mambo yaliyoandikwa mistari kwa mistari na watu wa kale. Wafasiri wa zamani hawakuhitaji Mgiriki.

#18 BinShehe_Kibokoni
Nimesema wako wanaosema, yakhe, sikusema mimi. Mzizi wa satara naujua. Ila neno kufanana na mzizi wa nyumbani si ushahidi kwamba halikuja na jahazi. Karani wa hapo juu katuonyesha namna mtu anavyolivalisha neno geni nguo ya kwao.

#19 KaraniWaStoo
Naona nimeanza kunukuliwa na masheikh. Mama yangu ajue.

#20 BintiMchungaji
Jamani mnazungumza kana kwamba Waingereza walikuwa hawana hadithi mpaka Mfaransa awaletee. Walikuwa na neno lao wenyewe: tale. Kiingereza cha kale talu. Na hili limeniachia mshangao toka nikiwa chuo, kwa sababu ndugu zake wote wanahesabu! Kijerumani Zahl ni namba, halafu erzählen ni kusimulia. Kiingereza tell ilikuwa kuhesabu pia, ndiyo maana yule anayekuhesabia fedha benki anaitwa teller hadi leo. Si kwamba anakusimulia kitu, ingawa ukiulizia mkopo anakusimulia.

Fundi mwenye uzi, hii ni zawadi yako. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Kutoka sura ya 5, Waisraeli kule Misri wananyimwa majani lakini wanatakiwa watoe matofali yaleyale. Imeandikwa "the tale of the bricks". Kwa Kiswahili ni hesabu ya matofali. Nilipokuwa mdogo, baba aliwahi kusoma hiyo ya Kiingereza mimbarani, nikadhani matofali yana hadithi yao.

#21 MchangaNaKokoto
Dada, matofali YANA hadithi yao. Uliza fundi yeyote aliyeletewa tripu ya 1,500 akahesabu 1,380. Hapo hesabu na hadithi vinakutana mbele ya dereva.

#22 Mwanamakonde_Msumbiji
BintiMchungaji kweli tupu. Nilifanya kazi Pemba ile ya Msumbiji, Kireno contar ni kuhesabu na contar ni kusimulia, neno moja. Mwanzoni bosi aliniambia niende "contar" kilichotokea ghalani, nikaenda kuhesabu magunia. Nikarudi na namba. Alikuwa anataka kujua nani kavunja kufuli.

#23 MugandaWaKigamboni
Kwetu Uganda nako kuna kitu. Kwa Luganda okugera ni kupima, kukadiria. Na hadithi au methali ni olugero, kwa wingi engero, toka humohumo. Jajja wangu akikaa jioni "agera engero". Kwa hiyo hatujakopa kwa Wajerumani, mtu akisimulia ni kama anakupimia.

#24 NipoTuu
Kwa hiyo ndiyo maana hadithi za bibi zilikuwa zinakatwa palipo patamu, tuliambiwa zitaendelea kesho. Kipimo kimeisha.

#25 KijanaWaTandika
Mimi swali langu tofauti kidogo. Kwa nini sisi tuseme "stori" wakati tuna hadithi, kisa, ngano, hekaya, simulizi, riwaya? Si ni kuharibu lugha huku?

#26 ShangaziWaPangani
Mwanangu, stori si hadithi. Nikikuambia njoo tupige stori, nimekuita uje usikilize habari ya sungura na fisi? Nimekuita tukae, tunywe chai, tuwaseme watu. Hadithi ina mwenyewe na ina mwisho. Stori haina mwisho, unaikuta unaiacha. Zamani tulisema kupiga soga, gumzo, porojo. Stori imekuja kukaa kwenye kiti cha soga, haikumgusa hadithi.

#27 KijanaWaTandika
Nimekuelewa shangazi. Na kuna ile "aah, hizo stori tu", yaani uongo.

#28 Wanjiku_wa_Roysambu
Kwetu Nairobi hizo ni stori za jaba. Mtu ametafuna miraa saa sita, anakuambia ako na tenda ya serikali, kesho anakuomba nauli.

Mimi niliposwa na stori. Miaka miwili jamaa ananipa stori: tunaenda kuona wazazi Krismasi, Krismasi ikifika gari limeharibika, Pasaka, mjomba amefiwa. Siku nimemuuliza vizuri akasema, "Wewe nawe unapenda stori." Nikasema si wewe ndio unazo zote? Nikamuachia zake nikaenda.

#29 NipoTuu
Pole dada. Huyo alikuwa wa ghorofa nyingi bila ngazi.

#30 BintiMchungaji
Na Kiingereza nacho kilifika hukohuko. Tangu karne ya 17 mtoto wa Kiingereza akiambiwa "don't tell stories" ameambiwa asiseme uongo. Shahidi wa Homer kaishia hapo. Mkitaka kumjibu mtoto wa fundi, mwambieni neno lilianza mahakamani likaishia kijiweni.

#31 GomaYaJuu
Bonjour wote. Huku kwetu Congo tunakaa na Kifaransa, na histoire ina yote mawili, ile ya shuleni na ile ya kutunga, hakuna neno la pili. Tena mtu akisema "sitaki histoire" anamaanisha hataki ugomvi, hataki matatizo. Kwa hiyo ongezeni maana ya tatu: kesi.

#32 MwlMstaafu
Ahsante GomaYaJuu. Basi imerudi kwa yule mwamuzi wa fidia! Na tukumbuke Kiswahili kina "historia" yenyewe, ingawa wazee wa mwambao walisema tarihi, au habari tu. Kumbukumbu za wafalme wa Pate zinajulikana kama Habari za Pate.

#33 DaktariWaMtaa
Hiyo historia tuliitoa kwa nani, Mwingereza? Mbona hatusemi "histori" kama tulivyosema stori?

#34 MwlMstaafu
Swali zuri. Mimi naona mkono wa wamisionari, walikuwa na Kilatini mdomoni kila siku.

#35 Mwanamakonde_Msumbiji
Mimi naona Mreno. História, mnasikia hiyo?

#36 KaraniWaStoo
Karani. Nasema tena, karani.

#37 BinShehe_Kibokoni
Niruhusuni nirudi kwenye orodha ya KijanaWaTandika, maana maneno yale yana utamu na watu wanayapita tu.

Hadithi: asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni kutokea, kuwa kipya. Hadith maana yake nyingine ni -pya! Sisi tunafungua "hapo zamani za kale" kwa neno lenye maana ya kipya. Kisa: mzizi wake ni kufuata nyayo, kama mfuatiliaji anavyofuata alama za mguu mchangani. Anayesimulia kisa anafuata nyayo za waliopita, hatua kwa hatua. Herufi hizohizo zina maana ya kukata, na humo tumetoa mkasi. Hekaya: kuiga, yule mtu anayemgeza mwenzake sauti na mwendo watu wacheke. Riwaya: kupokea na kufikisha, na huko nyuma mzizi una maji, ngamia abebaye maji ya kunywesha watu.

Kwa hiyo Mgiriki anaona, Mjerumani anahesabu, Mwarabu anafuata nyayo.

#38 UstadhiMdogo
Hapo sheikh hatugombani. Ila mimi linanikera neno hadithi kutumika kwa maneno ya Mtume na kwa sungura vilevile.

#39 ShangaziWaPangani
Mbona sisi hatukuchanganyikiwa? Madrasa mchana, sungura usiku.

#40 Wanjiku_wa_Roysambu
Na ngano? Hiyo si ya Kiarabu. Kikuyu tuna rũgano, zikiwa nyingi ng'ano. Cucu, yaani nyanya yangu, alikuwa anatuganĩra tukingoja githeri kiive.

#41 MwlMstaafu
Sahihi kabisa, ni neno la Kibantu la zamani. Washona wa Zimbabwe wanasema ngano hivihivi kama sisi, Wazulu inganekwane, Wanyarwanda na Warundi umugani. Neno limetembea bara zima bila pasipoti. Ile ngano ya chapati ni jambo jingine, msije mkaiunganisha.

#42 NipoTuu
Too late mwalimu, nilishaanza kuandika kwamba hadithi inakandwa, inasukumwa, inageuzwa...

#43 MkadiriajiMajenzi
Jamani turudi kwa fundi. Tumesahau "ghorofa" yenyewe. Nayo si yetu ya asili, ni ghurfa ya Kiarabu. Na ghurfa ni chumba. Kwa hiyo Mswahili aliposikia chumba akaelewa jengo lenye chumba juu.

#44 BinShehe_Kibokoni
Si chumba tu. Ghurfa ni chumba cha juu hasa. Qur'ani inataja vyumba vya peponi, na juu yake vyumba vingine vimejengwa. Na sisi Mombasa tunasema orofa, h na gh tumewaachia nyinyi wa bara mhangaike nazo.

#45 MchangaNaKokoto
Sheikh, na kuhesabu je? Maana hapa ndipo ugomvi na wateja unapoanza. Mwingereza ya chini haihesabu, ya kwanza ni ile ya juu yake. Mmarekani anaanza kuhesabu chini kabisa. Niliwahi kupewa kazi na mtu aliyekaa Marekani, tukakubaliana "ghorofa ya kwanza" niitilie vigae. Nikatilia vigae juu. Alikuwa anamaanisha chini. Nililala na hasara ya boksi 40, na mke wake akasema juu kumependeza, mwache.

#46 MkadiriajiMajenzi
Pole mkuu. Ndiyo maana kwenye mkataba tunaandika usawa kwa namba, maneno tunayaacha kwa wanauzi.

#47 ShangaziWaPangani
Nimewasikiliza mkienda Ugiriki, Canterbury, Misri na Zimbabwe. Nami niulize. Nyinyi mliolelewa na bibi, hadithi ilifunguliwaje?

#48 KijanaWaTandika
Hadithi hadithi! Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.

#49 ShangaziWaPangani
Hiyo moja, na uongo umekaribishwa mlangoni kabisa, mwambieni yule mtoto. Nyingine?

#50 Wanjiku_wa_Roysambu
Paukwa! Pakawa!

#51 ShangaziWaPangani
Endelea.

#52 Wanjiku_wa_Roysambu
Shule iliishia hapo shangazi 😅

#53 ShangaziWaPangani
Ndiyo shida. Bibi yangu hakuishia hapo. Paukwa, pakawa. Kaondoka Chanjagaa, kajenga nyumba kakaa. Mwanangu Mwanasiti, vijino kama chikichi, vya kujengea kikuta, na vilango vya kupita.

Sikilizeni tena. Kabla mtu hajaanza hadithi, kwanza nyumba inajengwa. Kuna anayejenga na kukaa, kuna kikuta, kuna vilango vya kupita. Ndipo sungura anaingia. Mnamtafuta Mwingereza aliyeunganisha hadithi na jengo, na bibi zenu walikuwa wanajenga kila usiku.

#54 MwlMstaafu
Shangazi, nimevua kofia.

#55 MkadiriajiMajenzi
Mmh. Hiyo haithibitishi kitu kuhusu Kiingereza, lakini sijawahi kuisikiliza hivyo.

#56 BinShehe_Kibokoni
Kwetu ni "kajenga nyumba kaka", si "kakaa". Na jina tulisema Chenjagaa.

#57 ShangaziWaPangani
Kaka maana yake nini hapo? Kakaa, alijenga AKAKAA. Mtu anajenga ili akae.

#58 BinShehe_Kibokoni
Kaka ni ganda tupu, kama kaka la yai. Nyumba ya ganda. Na Chenjagaa kwetu wengine husema ni kaa wa pwani, na kaa nyumba yake ni ganda.

#59 ShangaziWaPangani
Mimi nimeishi na kaa Pangani miaka 60, kaa anachimba shimo.

#60 UstadhiMdogo
Tumetoka kwa Homer tumefika kwa kaa. Sifungui macho.

#61 KaraniWaStoo
Na hivyo vijino vya kujengea kikuta? Jino linajengaje ukuta?

#62 MchangaNaKokoto
Hapo niachieni mimi, hapo ndipo kazi yangu ilipo. Meno yamepangwa safu, yanashikana, yana mapengo: huo ni ukuta na milango. Ukitaka kufunga ukuta wa matofali na ukuta mwingine utakaokuja baadaye, unaacha matofali yamechomoza moja moja kama meno, mwenzake aje aingie humo. Bibi yake shangazi alikuwa ameshaona jengo likijengwa, nakwambieni.

Nimemsomea binti uzi mzima mpaka hapa. Radhi ameikubali, ila amesema mchoraji bado kakosea, kwa sababu chini kutakuwa na duka, na duka si hadithi. Sasa ameniuliza nyumba ya Mwanasiti ilikuwa ya chini au ya ghorofa. Shangazi?

#63 ShangaziWaPangani
Ya chini. Udongo, boriti za mkoko na makuti.

#64 BinShehe_Kibokoni
Ya mawe ya matumbawe, na orofa moja juu. Kwani huyo Mwanasiti alikuwa mtu wa hivihivi?